Ndiyo, nipo Ulaya na nalima mchicha

Salaam aleikum ndugu zangu wa Kigoma, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo. Nawasha kamera hapa hapa bustanini, mikono ina udongo, mtanivumilia.

Swali ni lile lile. Tangu niweke ile video ya kibanda, nusu yenu mnaandika, "Dada, umevuka bahari kwenda kushika jembe? Si ungebaki Ujiji?" Nusu nyingine, "Anajimwambafai huyo, kanunua kiwanja Ujerumani." Sasa kubalianeni kwanza. Nimefulia, au naringa?

Kiwanja si changu, nimekodi. Mimi nakaa ghorofa ya nne hapa Leipzig, hata kibaraza sina. Lakini kuna maeneo ya mjini yamekatwa vipande, chama cha wenye bustani kinakukodisha kipande kimoja, wenyewe wanaita Kleingarten. Leipzig walianza mambo haya miaka ya 1860. Na kile kibanda cha mbao jamani si nyumba yangu! Sheria inakataza kuishi humo, na hakitakiwi kizidi mita 24 za mraba. Ni cha kuwekea majembe na kukimbilia mvua ikinyesha. Kuna mtu alitoka mtaa wa Mwanga hapo Kigoma akaenda mpaka kwa mama yangu kumwambia mwanao analala bandani. Mama ana presha yule. Muwe mnaniuliza mimi kwanza.

Hela. Ada ya mwaka, na maji humo humo, nililipa euro 310, hiyo haikuniuma. Kilichoniuma ni kumlipa aliyekuwepo kabla yangu, maana kibanda chake, mti wake wa tufaha na vichaka vyake unavinunua. Anakuja mthamini na karatasi, anahesabu mpaka kichaka cha mwisho. Euro 1,900. Zidisheni wenyewe, mimi nikizidisha silali. Na hapo nilishakaa kwenye orodha ya kusubiri miaka mitatu, fomu juu ya fomu. Wajerumani hawa ndio waliofikisha reli kwetu Kigoma 1914, msidhani nayo ilifika bila fomu.

Sasa sikieni hili. Kwetu nani anakulazimisha kupanda mboga? Huku mahakama yao ya shirikisho iliamua 2004 kwamba angalau theluthi ya bustani hizi iwe ya kulima chakula, matunda na mboga. Ukijaza nyasi za kukalia tu, unaandikiwa barua. Basi mimi nikajaza mchicha theluthi nzima, nikajua nimemaliza. Mwezi wa sita wakapita wakaguzi wa chama, wiki mbili baadaye barua: ng'oa magugu. Magugu yenyewe ni mchicha wangu! Kwao ndugu yake mchicha unaota tu kando ya barabara, hakuna anayeutazama. Nikapika bakuli, na mawese, nikampelekea mwenyekiti. Alikula akasema kitamu. Barua hakuifuta. Akanishauri niweke kibao chenye jina la mmea, ndiyo kile mnachokiona pale nyuma, msiulize tena.

Mbegu nazo zina kisa. Mama alinifungia mchicha, bamia na nyanya chungu, akatuma kwa posta. Tangu mwisho wa 2019, mbegu za kupanda zikiingia Umoja wa Ulaya kutoka nje zinatakiwa cheti cha afya ya mimea. Mama yangu angejuaje? Aliziweka kwenye pakiti ya chumvi. Nikapata karatasi ya forodha tu, mbegu sikuziona. Nililia siku ile, sikufichi, na haikuwa kwa ajili ya bamia.

Kutengeneza tuta siwafundishi, mtanicheka. Kinachosumbua ni tarehe. Sisi tunasubiri mvua ya kwanza, mwezi wa kumi au kumi na moja, ikishalowesha unapanda. Huku mvua ipo tu, unachosubiri ni baridi iondoke, nayo inaaga mara tatu. Mwaka jana Aprili jua lilikuwa kali, watu wamevaa kaptula, nikatoa miche 18 ya nyanya nje. Babu wa bustani ya jirani akanionya, subiri Sophie apite. Sophie ni mtakatifu wa tarehe 15 Mei, wa mwisho katika wale wanaowaita watakatifu wa barafu. Nikajisemea, mtoto wa Ujiji nifundishwe nyanya na Mjerumani? Usiku mmoja umande ukaganda. Asubuhi miche imelala, myeusi kama imechemshwa. Babu hakusema neno, na hilo liliniuma kuliko angesema.

Kwa hiyo mwaka huu njegere, figili na spinachi ziko chini tangu Machi, hizo baridi zinaiweza. Nyanya ziko kwenye makopo ya mtindi. Mchicha mpaka mwisho wa Mei. Ila hii ni bustani yangu mimi, aliyeko Hamburg au Munich asije kunidai miche yake.

Na maua, mnaosema maua hayaliwi. Alizeti naipanda nyuki waje, wakija wanahudumia na maboga, nami majani ya maboga nayataka. Haya ya njano yenye harufu kali niliambiwa yanasaidia udongo wa nyanya. Labda. Nilichokiona kwa macho ni konokono wa huku, wasio na nyumba, wakiyala usiku kucha. Natoka na tochi nawaokota kwenye ndoo. Hiyo ndiyo Ulaya yangu ya usiku, mnaosema naringa.

Mama, ukionyeshwa video hii, usitume tena kwa posta, nitazifuata mwenyewe na cheti chake.

Saa mbili na nusu usiku hii, na bado kuna mwanga, mnaona? Lakini ubaridi umeshaanza. Ngoja nirudishe makopo kibandani, Sophie bado hajapita.