Kidokezo Kikae Kwenye Picha

Ndugu waandishi na wachoraji, tuchukue hadithi moja ya upelelezi tuigeuze kuwa kitabu cha picha cha watoto. Ni ya Arthur Conan Doyle, ya mwaka 1892: kito cha buluu kimeibwa, na kinapatikana ndani ya bata bukini. Haina mauaji, kwa hiyo inawafaa watoto wa miaka 4 hadi 6.

Mwizi alimmezesha kito bata mweupe mwenye mstari mweusi mkiani, kisha kwa makosa akaondoka na bata mwingine mwenye mstari kama huohuo. Katika hadithi ya asili tunayajua haya mwishoni, mwizi anapoungama mbele ya mpelelezi Sherlock Holmes. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Mwandishi hufupisha tu bila kugusa mpangilio, na mtoto anasomewa maungamo marefu juu ya mambo yaliyotokea kabla kitabu hakijaanza. Anapotea, anaanza kufunua kurasa ovyo.

Basi ua wa bata uchorwe mapema, bata kumi au zaidi, wawili wakiwa na mstari. Maandishi yataje bata, yasitaje mkia kabisa! Anayesoma kwa sauti ni mtu mzima, macho yake yako kwenye maneno. Mtoto hajui kusoma, macho yake yako kwenye picha. Mwacheni agundue kabla ya Holmes. Raha yote ya kitabu iko hapo.

Mstari huo uonekane mara tatu kabla ya jibu, kila mara ukikaribia zaidi. Usiwe kwenye mkunjo wa katikati, maana jalada likishafungwa mkunjo huimeza picha.

Kunjeni karatasi 8 katikati, mpate kurasa 32. Ukurasa wa 4 hadi wa 31 ni jozi 14 za kurasa zinazotazamana. Maneno 500 yanatosha, yaani thelathini na kitu kwa kila jozi. Watson, rafiki wa Holmes anayesimulia hadithi ya asili, hapa asisimulie, kwani "mimi" ya mtu asiyejulikana humchanganya mtoto. Abaki kwenye picha. Washukiwa wasizidi watatu, watofautiane kwa umbo na kofia, kwa sababu majina yatasahaulika.

Na swali liishie chini ya ukurasa wa kulia. Likiwa kushoto, jibu liko palepale mkabala, na mtoto ameshaliona kabla msomaji hajavuta pumzi.