Usikaze bushi gari likiwa juu ya jeki

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu na vijana wa gereji, habari za asubuhi.

Najua hapa Dodoma mikono yenu imezoea IST na Noah. Leo tunaingia chini ya Datsun 240Z, gari lililoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Lakini msiogope jina. Mbele ina mkono mmoja wa chini kila upande, ule wa chuma unaoshika gurudumu, na shokapu imesimama wima ndani ya springi. Mnaijua hiyo kazi.

Mteja analalamika: inagonga kwenye matuta, ukikanyaga breki inavuta upande. Inua gari, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, usikimbilie kununua bolijointi, kile kiungo cha duara mwishoni mwa mkono! Mwambie mwenzako akanyage breki, kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi. Ukibaki, tazama bolijointi. Ukilitikisa kushoto na kulia, hapo unapima tairodi, ile fito ya usukani.

Springi sitaisemea sana: bila vibanio vyake, usiiguse. Inaua.

Sasa bushi, ile raba yenye bomba la chuma ndani inayokaa kwenye maungio ya mkono, ndiyo hasa iliyonileta. Raba ya bushi haizunguki kwenye boliti. Bomba lake la ndani limebanwa, raba yenyewe ndiyo inayojinyonga mkono ukipanda na kushuka. Ukikaza boliti magurudumu yakiwa yananing'inia, umeifunga raba katika hali ya kuning'inia. Ukishusha gari, imeshajinyonga hata kabla halijatoka getini. Nilifanya hivyo ujanani. Bushi mpya kabisa, mteja akarudi baada ya miezi michache zimechanika, nami nikamlaumu muuza spea! Kumbe mkosaji ni mimi. Kwa hiyo shikiza nati kwa vidole tu, shusha gari likanyage chini kwa uzito wake, libonyeze mara mbili tatu litulie, ndipo ulale chini ukaze. Unachafuka, ndiyo.

Kijana wa pale nyuma anauliza kuhusu bushi za plastiki ngumu. Kwenye mkono wa chini zinaweza kufaa, ukizipaka grisi, ila barabara ya vumbi utaisikia mpaka kwenye meno. Ila ile fito inayozuia mkono usiende mbele na nyuma, iachie raba. Inatakiwa icheze kidogo kila gurudumu linapopanda. Ukiibana kwa plastiki pande zote mbili, inapindwa pale pale kila siku mpaka inakatika, na hapo uko kwenye breki.

Mwingine?