Taa wa Java

Habari za jioni. Aliyebandika tangazo pale mlangoni aliandika "Mhadhara kuhusu taa", na mzee mmoja ameshaniuliza kama nimetumwa na TANESCO. Hapana, mzee wangu. Ni taa samaki, yule bapa kama sinia, ambaye mkia wake mkavu watu wa pwani waliufanya kiboko.

Taa ni ndugu wa papa: hana mfupa, ni gegedu tu. Mdomo uko upande wa chini, basi akijifukia mchangani huvuta maji kwa matundu mawili nyuma ya macho. Ila shikeni hili: perege wetu wa Mtera huatamia mayai mdomoni kwa mamia, lakini taa hazai hivyo. Watoto hukulia tumboni, na kiini cha yai kikiisha mama huwalisha majimaji mazito kama maziwa, humo humo ndani. Huzaa wachache mno. Ukimvua kwa pupa, harudi upesi.

Sasa huyu wa Java, kisiwa cha Indonesia. Julai 1862 Mjerumani Eduard von Martens alimkuta sokoni Batavia, Jakarta ya leo. Jike, sentimita 33 tu. Yumo kwenye makumbusho ya Berlin mpaka leo, na wa pili hajapatikana. Kufikia miaka ya 1870 samaki wa pwani ile walikuwa tayari wanapungua kwa kuvuliwa ovyo. Baadaye ghuba ikazungukwa na viwanda. Watafiti wamekagua masoko tangu 2001, wakatoka mikono mitupu. Desemba 2023 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe na mazingira, ikatangaza kwamba ametoweka: samaki wa kwanza wa baharini kutangazwa hivyo kwa sababu ya mkono wa binadamu.

Mnisamehe, kufa kwake sikulii sana. Kinachoninyima usingizi ni kwamba Martens angechelewa siku moja tu, tusingejua kama aliwahi kuwapo. Na kwetu je? Mvuvi anajua huyu nyenga, huyu pungu, lakini kwenye daftari la mwaloni wote huwa "taa". Akifika Dodoma ni vipande vikavu vyenye chumvi; hata mimi simtambui.

Jumamosi nitakuwa Soko la Majengo kuwauliza wauzaji mizigo yao inatoka mwalo gani. Anayetaka kufuatana nami aje mapema, na asivae nguo anayoipenda. Ile harufu haitoki kirahisi.