JP mbili, maana mbili: jinsi A> ilivyotokea usiku wa tatu

KULWA: Mwangaluka wasikilizaji, tupo tena hapa Kirumba Mwanza, mkisikia kelele nyuma ni wabebaji wa mwaloni wanapakia dagaa kwenye fuso, mtuvumilie. Doto, leo ongea wewe maana siku tatu hizi hujalala.

DOTO: Nimelala bana, ila kidogo. Si ile CP/M 2.2 niliyokuwa naihamisha.

KULWA: Waeleze kwanza ni nini hiyo.

DOTO: Ni mfumo endeshi wa Gary Kildall, alianza kuutengeneza 1974, hiyo 2.2 ni ya 1979. Kodi yake imeandikwa kwa asembli ya prosesa ya Intel 8080, yaani kila amri ina jina fupi, sasa asembla niliyonayo kwenye laptopu, programu inayogeuza majina hayo kuwa namba za mashine, inajua lugha ya Zilog Z80 tu. Prosesa ya Z80 inazielewa amri za 8080, namba za ndani ni zilezile, ila Zilog walibadilisha majina. Kule wanaandika MOV A,M, huku LD A,(HL), na vyote vinatoka baiti moja, 7E.

KULWA: Kwahiyo ni kutafuta na kubadilisha tu?

DOTO: Ndo nilivyofanya, JMP zote, amri ya Intel ya kuruka kwenda sehemu nyingine ya programu, nikazigeuza JP, MOV zikawa LD, nikaendelea hivyohivyo mpaka asembla ikapita bila kosa hata moja. Nawasha emuleta, programu inayoiga mashine ya zamani, kioo cheusi. Hamna A>, ile alama ya CP/M ya kusubiri amri, hamna herufi, hamna kitu. Nikacheki saizi ya faili, iko sawa na la zamani mpaka baiti ya mwisho.

KULWA: Ndo ukaniamsha saa nane usiku, mi nikasema kosa liko BDOS, sehemu ya CP/M inayoshughulikia mafaili.

DOTO: Tukaipekua BDOS yote, baiti 3,584, siku mbili zimeenda na haina tatizo. Jana nikaenda steshenari nikaprinti listi za BIOS, sehemu inayoongea na kioo na diski moja kwa moja, ya zamani kushoto, mpya kulia, nikawa nashuka na rula mstari kwa mstari. Nikafika pale inaposubiri kioo kiwe tayari, mistari mitatu tu, IN ya kuuliza, halafu ORA A ya kupima jibu, halafu JP. Namba ya hiyo JP kushoto ni F2, kulia C3.

KULWA: Hapo twende taratibu.

DOTO: JP ya Intel maana yake ruka kama jibu ni chanya, yaani biti ya 7 ni 0. Kwenye mashine ile mlango wa kioo, yaani njia ya prosesa kuongea na kioo, ukiwa bado haujawa tayari biti ya 7 inakuwa 0, unarudi kuuliza tena, ikiwa 1 unapita unatuma herufi yako. JP ya Zilog yenyewe ni ruka, basi, haina sharti. Kwahiyo prosesa ilikuwa inauliza inarudi, inauliza inarudi, hata mlango ukijibu niko tayari haisikilizi. Ilitakiwa JP P.

KULWA: Na zote ni baiti tatu, ndo maana saizi haikusogea.

DOTO: Eeh, na hilo ndo limeniuma. Ningesahau CPI, ile ya Intel ya kulinganisha na namba, asembla ingelalamika palepale, maana CPI ya Zilog haibebi namba mbele yake. Lakini JP inakubalika pande zote mbili, inapita kimya.

KULWA: Sasa mtu anayeanza leo hii?

DOTO: Aanze na JP za Intel azifanye JP P, ndo ageuze JMP kuwa JP, akianza na JMP zinachanganyika na hatojua tena ipi ilikuwa ipi. Na CP vilevile, kwa Intel ni kuita kama chanya, kwa Zilog ni kulinganisha, kwahiyo ziwe CALL P kwanza kabla hujagusa CMP, ya kulinganisha ya Intel. Halafu asiridhike na saizi kama mimi, alinganishe baiti kwa baiti na faili la zamani. Nilipofanya hivyo zikatoka F2 zingine tatu zilizogeuka C3, moja iko kwenye kusoma diski kabisa.

KULWA: Ungevuka kioo ukakwama kwenye diski.

DOTO: Ningekwama, na ningeanza tena kuisingizia BDOS. Nikarekebisha zote nne, nikalinganisha tena, hamna tofauti. Saa tisa usiku nawasha, A> hiyo hapo, nikaandika DIR, majina ya mafaili yakashuka moja moja.

KULWA: Ukaja kugonga mlango tena.

DOTO: We ulitaka niangalie peke yangu?