Keshia wa Baltimore na Kodi ya Dola 15,000

REHEMA: Karibuni tena. Kaka Juma, kuna msikilizaji amehama Minnesota kwenda Texas. Anasema mshahara ni ule ule, ila sasa anabaki na hela zaidi mkononi. Anauliza kama mwajiri amekosea hesabu.

JUMA: Hajakosea! Kodi ya serikali ya shirikisho bado anakatwa. Iliyoondoka ni ya jimbo, maana Texas haitozi kodi ya mapato na Minnesota inatoza. Mtu mmoja, serikali mbili, na kila moja inamtoza kwa sheria zake.

REHEMA: Si kama kaunti zetu tu?

JUMA: Hapo ndipo Wakenya wengi tunapopotea, dada. Kaunti zetu 47 zimezaliwa na katiba ya 2010. Marekani ni kinyume: majimbo yalitangulia. Yale 13 ya mwanzo yalikuwa na mabunge, mahakama na katiba zao kabla wajumbe hawajakutana Philadelphia mwaka 1787. Na kabla ya hapo Bunge lao la pamoja halikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Lilikuwa linaomba michango. Wengine wanatoa, wengine kimya.

REHEMA: Kamati ya harusi hiyo.

JUMA: (anacheka) Na kubadilisha utaratibu kulihitaji majimbo yote 13 yakubali. Rhode Island peke yake iliwahi kukataa ushuru wa bidhaa kutoka nje, hoja ikafa. Basi Philadelphia wakaandika katiba mpya, Bunge likapewa kodi, majeshi, biashara kati ya majimbo. Pia likaruhusiwa kutunga sheria zinazohitajika na zinazofaa ili kutekeleza hayo.

REHEMA: "Zinazofaa" kwa maoni ya nani?

JUMA: Aa, ndiyo vita yenyewe. Mwaka 1816 Bunge linaanzisha Benki ya Marekani, ya pili. Katiba haitaji benki popote. Mwaka 1818 jimbo la Maryland linasema: benki yoyote ambayo hatukuianzisha sisi, ama ichapishe noti zake kwenye karatasi yenye muhuri inayouzwa na jimbo, ama ilipe dola 15,000 kwa mwaka. Keshia wa tawi la benki hiyo mjini Baltimore, humo humo Maryland, James McCulloch, anatoa noti bila muhuri na kodi halipi.

REHEMA: Akashtakiwa.

JUMA: Hadi Mahakama ya Juu, 1819. Wanasheria walibishana siku 9. Upande wa Maryland yumo Luther Martin, mwanasheria mkuu wa jimbo, ambaye alikuwa mjumbe kule Philadelphia na akaondoka kabla ya kutia saini kwa sababu aliona majimbo yanamezwa. Miaka 32 baadaye bado anapigana vita ile ile! Hoja ya upande wake: majimbo ndiyo yenye enzi, shirikisho limeazimwa madaraka tu.

REHEMA: Mimi hiyo hoja naielewa, usinicheke.

JUMA: Ina uzito. Lakini Jaji Mkuu John Marshall alijibu kwamba katiba ilipitishwa na wananchi kwenye mikutano yao maalumu, wala si na serikali za majimbo. Benki akaikubali, kwa kuwa ni njia halali ya kusimamia fedha na kodi ambazo Bunge limepewa wazi. Halafu kodi ya Maryland. Wengi hunukuu maneno yake kwamba mwenye uwezo wa kutoza kodi ana uwezo wa kuangamiza. Mimi napenda zaidi maneno yaliyo pembeni yake. Jimbo likiwatoza watu wake na kuzidisha, watu wake watawaondoa wabunge kwa kura. Benki hii ni ya Wamarekani wote. Mtu wa Georgia au Ohio atampigia nani kura Maryland?

REHEMA: Hana pa kulalamikia. Kumbe hiyo ndiyo breki.

JUMA: Ndiyo. Majaji wote walikubaliana, kodi ikafutwa.

REHEMA: Na keshia wetu shujaa?

JUMA: Shujaa gani! Muda mfupi baadaye ilijulikana kwamba yeye na wenzake wa tawi walikuwa wanajikopesha fedha za benki bila dhamana ya maana. Walishtakiwa, wakaachiwa.

REHEMA: Jamani!

JUMA: Na benki haikudumu. Mwaka 1832 Rais Andrew Jackson alikataa kuiongezea muda, akasema maoni ya majaji hayamfungi katika kuisoma katiba. Kibali cha benki kikaisha 1836. Hukumu, lakini, mawakili wanaitumia mpaka leo.

REHEMA: Swali linalofuata ni la bangi: California inaruhusu, shirikisho linakataza. Tunalichukua baada ya mapumziko.