Bibi Usimuulize Mwaka: Wiki Moja ya Mtafuta Ukoo

Wazee wangu, shikamooni. Wengine, habari za jioni.

Nimepewa nusu saa nieleze wiki ya mtu anayetafuta ukoo wake, tuseme hapa hapa Dodoma, kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili. Mliokwisha kunisikia mnajua nitakwama Jumanne. Nitajitahidi.

Jumatatu ni maandalizi. Karatasi moja kubwa, penseli, kifutio. Wino hapana. Jiandike namba 1, baba yako 2, mama yako 3. Kuanzia hapo, namba ya mtu ukiizidisha mara mbili unampata baba yake; ongeza moja, unampata mama yake. Bibi mzaa mama ni 7, baba yake ni 14. Ndugu zao wapewe herufi pembeni. Kwa nini namba? Kwa sababu majina yanarithiwa. Ukoo wenye akina Yohana wanne katika vizazi vitatu, ukiandika "Yohana aliuza shamba" umeandika nini?

Jumanne unakwenda kwa bibi. Sukari kilo moja, majani ya chai, simu yenye chaji ya kutosha na mtandao umezimwa, isije ikaita katikati ya maneno. Nenda saa tatu asubuhi. Saa moja na nusu inatosha. Ukizidisha hapo, mzee anakujibu ili uondoke.

Na sasa lile ninalolisema kila nikishika kipaza sauti: msimuulize bibi alizaliwa mwaka gani! Hofu yangu si kwamba atashindwa kujibu. Atajibu! Atakutajia ule wa kwenye kitambulisho, aliokadiriwa na karani kwa kumtazama usoni, ikawekwa tarehe 1 Januari au 1 Julai, foleni ikasogea. Wewe unaandika kwa furaha, umepata "tarehe kamili".

Muulize alikuwa anafanya nini wakati gani. Alikuwa anabebwa? Anachunga mbuzi? Mwali? Ana mtoto mgongoni? Nawe uwe na orodha ya matukio ya mahali pale. Ya Ugogo, nchi hii ya Wagogo, hii hapa: reli ilifika Dodoma 1910. Njaa ya Mtunya, kwenye 1918 mpaka 1920, majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalipokuwa yameshachukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kisha mvua nayo ikagoma. Mradi wa karanga wa Kongwa, 1947 mpaka 1951. Uhuru, 1961. Kuhamishiwa vijijini, 1971, huku kwetu mapema kuliko mikoa mingi. Vita vya Kagera, 1978 na 1979. Orodha hii usiende nayo Songea. Kule utaanza na Maji Maji, 1905 mpaka 1907.

Tupige hesabu. Bibi anasema, "Wakati wa karanga ndipo nilipokuwa mwali." Tuseme miaka 13 hadi 15. Toa 15 kwenye 1947, unapata 1932. Toa 13 kwenye 1951, unapata 1938. Basi amezaliwa kati ya 1932 na 1938, na hivyo ndivyo unavyoandika, miaka yote miwili. Sasa mbane kwa upande wa pili. Mama yake wakati wa Mtunya alikuwa anabebwa, kwa hiyo kazaliwa kati ya 1915 na 1920. Chukua katikati: akimzaa bibi 1935, mama ana miaka 15 mpaka 20. Inakaa. Kama ungepata mama wa miaka sitini, kuna kizazi umekiruka, au huyo "mama" ni mama mkubwa.

Kuna mtu pale nyuma anatingisha kichwa: cheti cha shule si kipo? Kipo. Mtoto aliandikishwa shule baada ya kupitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili. Aliyejaliwa mkono mrefu akaanza mapema, mwenye mkono mfupi akaambiwa arudi mwakani. Huo ndio umri ulioandikwa! Na wale waliorudia darasa la saba kwa jina la mtu mwingine, wasicheke sana, nawaona.

Jamani, muda. Jumatano ni ya neno "ndugu". Mzee akisema "ndugu yangu", uliza: tumbo moja? Baba mmoja? La sivyo utajaza karatasi watoto wa baba wadogo. Na baina ya watoto ukikuta pengo la miaka mitano, uliza taratibu, faragha: huenda kuna mtoto aliyefariki, au baba alikuwa manamba kwenye mkonge, au Burma na jeshi la Mwingereza, Vita Kuu ya Pili.

Alhamisi, parokiani. Nenda na namba ya kitabu cha ubatizo iliyoko kwenye cheti, ile iliyoandikwa LB. Bila namba utampotezea katibu siku nzima. Vitabu vya zamani ni Kilatini: *filius* ni mtoto wa kiume, *filia* wa kike, *patrinus* baba wa ubatizo. Soma pambizoni, ndiko ndoa inakoandikwa baadaye.

Ijumaa naiacha. Jumamosi makaburini, saa moja asubuhi, jua likiwa la pembeni, maana maandishi yaliyofifia huonekana kwa kivuli. Msikwangue saruji, msipake chaki. Tarehe ya kufa iamini kuliko ya kuzaliwa.

Jumapili, kabla hujatuma chochote kwenye kundi la ukoo, rudi kwa bibi umsomee karatasi yote kwa sauti, jina kwa jina. Kuna mahali atakukatiza: "Hapana, huyo si wa huyo. Huyo alikuja na mama yake." Hapo muulize kama anataka lijulikane. Akikataa, funga mdomo. Akikubali, chukua kifutio.