Msemaji Anayeponda Maneno

REHEMA: Karibuni tena jamani. Leo kaka Makame katuletea Wagiriki wa kale na hotuba zao. Mimi nilidhani tutaanza na Demosthenes, yule msemaji anayesimuliwa kwamba alijizoeza kusema akiwa na vijiwe mdomoni.

MAKAME: Vijiwe kila mtu anavijua, dada Rehema. Mimi nina mtu wangu, Cleon, mwanasiasa wa Athens. Tuko Athens, mwaka 427 KK. Mji wa Mytilene, kisiwani Lesbos, umeiasi Athens na umeshindwa. Mkutano wa raia ukapiga kura: wanaume wote wazima wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu ikaondoka na amri. Kesho yake watu wameamka, nafsi zinawasuta. Wakakutana upya.

REHEMA: Na Cleon akataka amri ibaki.

MAKAME: Ibaki vilevile. Lakini sikia alivyowaingia. Kwa mujibu wa Thucydides, mwanahistoria wa zama hizo, aliwageukia wasikilizaji wenyewe akawakaripia: nyinyi mnakuja hapa kutazama hotuba kama watu waliokuja kwenye maonyesho, mnatekwa na kila jambo jipya, mnaamini mnayosikia kuliko mliyoyaona kwa macho yenu. Na maneno yenyewe yamepangwa, yana mizani! Anaponda ufasaha kwa ufasaha.

REHEMA: Aah, huyo namfahamu. "Mimi si mtu wa maneno, mimi ni mtu wa vitendo."

MAKAME: Ndiye huyo! Februari 2008 Hillary Clinton anachuana na Obama kuwania tiketi ya urais ya chama chao, yuko Ohio, anawaambia watu hotuba hazileti chakula mezani, hotuba hazijazi tangi la gari. Takriri safi kabisa, ndani ya hotuba. Trump naye, siku ya kuapishwa mwaka 2017, akatangaza kwamba muda wa maneno matupu umekwisha.

REHEMA: Na kwetu 2015, "Hapa Kazi Tu".

MAKAME: Na pushapu za Magufuli jukwaani juu yake! Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliandika kwamba tabia ya msemaji, vile anavyoonekana kuwa mtu wa kuaminika, inashawishi karibu kuliko kitu kingine chochote. Ila yeye alitaka imani hiyo ijengwe na hotuba yenyewe, si misuli.

REHEMA: (anacheka) Haya, turudi Athens. Nani alimjibu?

MAKAME: Diodotus, mtu ambaye nje ya mjadala ule hatumsikii tena. Hakuomba huruma hata kidogo. Alisema sikuja kuwatetea watu wa Mytilene wala kuwashitaki, nauliza faida yetu iko wapi. Mkiwaua hata waliojisalimisha, mji utakaoasi kesho utapigana mpaka pumzi ya mwisho, maana kujisalimisha hakutauokoa.

REHEMA: Hapo ndipo ananikwaza. Watoto wanakwenda kuuzwa, wewe unapiga hesabu za faida?

MAKAME: Alijua amesimama mbele ya nani. Huruma walikuwa nayo tangu walipoamka. Walichokosa ni sababu ya kuifuata bila kuonekana dhaifu, kwa sababu Cleon alishawaambia kwamba mwenye himaya hana nafasi ya huruma. Diodotus akawapa sababu. Kura za mikono zikakaribiana, akashinda kwa chupuchupu. Merikebu ya pili ikakimbizwa kwenda kuizuia amri ya kwanza, wapiga makasia wanakula unga wa shayiri uliochanganywa na divai na mafuta huku wanavuta, wanalala kwa zamu. Ilifika kamanda wa Athens kule Mytilene ameshaisoma amri, yuko tayari kuitekeleza.

REHEMA: Wote wakapona?

MAKAME: Hapana. Waliohesabiwa vinara wa uasi waliuawa, Thucydides anasema zaidi ya 1,000. Na pendekezo hilo lilikuwa la Cleon.

REHEMA: Kumbe kushindwa kule hakukummaliza kisiasa.

MAKAME: Wapi! Mwaka 425 KK Wasparta, maadui wa Athens vitani, wamezingirwa kisiwani Sphacteria, vita haiendi. Yeye akawa anawabeza majenerali, mpaka akaambiwa basi nenda wewe. Akajigamba: ndani ya siku 20 nitawaleta hai, au nitawaua hukohuko. Mkutano ukaangua kicheko.

REHEMA: Siku 20! Wanasiasa wa siku hizi wanaomba 100.

MAKAME: Akawaleta, mateka 292, ndani ya muda aliosema. Thucydides hakumpenda hata kidogo. Aliiita ahadi ya kichaa, na hapohapo akaandika kwamba ilitimia.